Hakuna Kutoka Hadi Pengo Lizibwe

Chai ilikuwa imeshamiminwa kabla hajaketi, na hilo peke yake lilitosha kumtia Kiroboto wasiwasi. Matawini kote alikowahi kukagua, mtu wa makao makuu hupewa kwanza kiti kibovu, kisha huambiwa meneja yuko kwenye simu, kisha, Mungu akipenda, huletewa maji. Hapa alikuta kikombe kinafuka, biskuti kwenye sahani, kiti kimefutwa vumbi, na taarifa imeshachapwa. Ilikuwa inangoja saini yake tu.

"Karibu, mzee wetu," Meneja alisema. "Wala usijisumbue kusoma yote. Kazi tumeshakumalizia."

"Mmenimalizia?"

"Mambo yako wazi. Saini tu hapo chini, unywe chai, urudi kwa wajukuu."

Kiroboto hakuwa na wajukuu. Jina hilo la Kiroboto walimpa wafanyakazi wa matawini, eti kwa sababu humwoni akiingia, unakuja kujikuna akishaondoka. Usoni hakuna aliyethubutu kumwita hivyo. Yeye alilijua, na mkitaka ukweli, lilimfurahisha.

"Nieleze kwa mdomo," alisema, akakisukuma kikombe pembeni. "Macho yangu yamechoka."

Meneja alikuwa mtu wa shati lililonyooshwa mpaka mikono, na mkono wake mmoja haukuachana na funguo mfukoni. Akaeleza. Kulikuwa na kikundi cha mafundi cherehani, wanawake kumi waliokopa kwa pamoja na kudhaminiana. Marejesho ya kikundi hicho yalikuwa hayajaingia kwa wiki kadhaa. Wanawake wenyewe wanasema walilipa kila mkutano, tena walimpa afisa mikopo mkononi, naye akawaambia risiti zitafuata.

"Na afisa anasemaje?"

"Atasema nini? Ameinamisha kichwa tu."

"Haraka ya leo ni ya nini?"

"Leo tunafunga mwezi."

Ahaa. Kiroboto alizijua hesabu za mameneja. Deni la mteja asiyelipa linalichafua tawi, na meneja mwenye tawi chafu hapandi cheo. Lakini deni likishaitwa wizi, linahamia makao makuu, na tawi linabaki linang'aa. Hilo halikumfanya Meneja kuwa mwongo. Lilimfanya tu kuwa mtu mwenye sababu.

"Pesa zitarudi vipi?"

"Afisa alipoajiriwa alileta mdhamini, kama desturi yetu ilivyo. Mdhamini ni mama yake, na dhamana ni nyumba ya huyo mama. Ukisaini leo, binti anakwenda polisi jioni, nyumba inauzwa, taasisi inarudishiwa chake. Hakuna anayepoteza."

"Isipokuwa mama."

"Ndiyo, isipokuwa mama." Meneja akatabasamu kidogo. "Lakini si alimzaa mwenyewe?"

Kiroboto akainuka bila kugusa biskuti.

Afisa mikopo walikuwa wamemkalisha jikoni mwa ofisi, kati ya jiko la gesi na ndoo ya deki, kofia yake ngumu ya pikipiki mapajani. Wateja walimwita Bomba, kwa sababu bomba la moshi la pikipiki yake lilikuwa limetoboka. Akiwa bado mtaa wa pili unamsikia, na kama huna rejesho la wiki, una muda wa kutosha wa kuanua nguo na kujifungia ndani. Alikuwa binti wa makamo, mwenye mikono iliyobabuka jua hadi kwenye kifundo.

"Umechukua pesa?" Kiroboto aliuliza.

"Sijachukua."

"Nani amechukua?"

"Sijui."

"Wanawake kumi wanasema ni wewe."

"Nimesikia."

"Wanasema uongo?"

Bomba akaigeuza kofia mapajani, akaitazama kwa ndani kama anayetafuta kilichomo.

"Binti, ukininyamazia mimi, kimya chako kinasomeka kama ndiyo."

"Basi kisomeke, mzee wangu."

Hili lilimkera Kiroboto. Mwizi aliyemzoea huapa kwa Mungu na kwa kaburi la babu. Asiyeiba hupiga kelele mpaka majirani wachungulie. Huyu hakuapa wala hakupiga kelele, na mtu wa namna hiyo ana kitu amekikalia.

"Nyumba ya mama yako ina mabati mapya."

"Meneja amekuambia."

"Ni kweli au si kweli?"

"Kweli. Mvua ilikuwa inatunyeshea ndani. Nimenunua moja moja, kila nikipata mshahara. Kamuulize muuza vifaa vya ujenzi hapo mkabala, ndiye aliyekuwa akiniwekea."

Kiroboto akavuka barabara papo hapo akauliza. "Yule?" muuza vifaa akacheka. "Amenichosha yule! Bati moja, bati moja, utadhani ananunua vitunguu. Nilimwambia dada, kopa basi. Akaniambia, nani, mimi nikope? Nawajua wakopeshaji!" Kwa hiyo mabati yalikuwa mabati tu. Kiroboto akarudi jikoni.

"Mikutano ya kikundi ulikwenda?"

"Yote, hadi nilipokatazwa."

"Walilipa?"

"Mwanzo walilipa. Baadaye hawakulipa."

"Ukafanya nini?"

"Nilifunga mlango."

Anayeishi kwa mikopo ya vikundi hahitaji kuelezwa. Asiyeijua ajue hivi: mmoja akipungukiwa siku ya rejesho, mlango unafungwa, na hakuna kutoka hadi wenzake wachange na kuliziba pengo lake. Wanawake wamechelewa mazishi kwa ajili ya kanuni hiyo. Wengine wamefungua khanga wakatoa pesa ya dawa.

"Nilifunga mpaka watoto wakaja kuita mama zao dirishani," Bomba alisema. "Hapakuwa na kitu. Walishona sare za shule nzima, shule ikabeba mzigo, haikuwalipa. Pengo la mmoja huzibwa na tisa, mzee wangu. La kumi lizibwe na nani?"

"Uliripoti?"

"Kwa Meneja. Akasema nisiandike popote, atalishughulikia mwenyewe, na mimi nisikanyage tena kule."

"Una shahidi?"

"Sina."

"Basi wanawake wanasema uongo."

"Sikusema hivyo."

"Umesema sasa hivi! Umesema hawakulipa, wao wanasema walikupa mkononi. Mmoja wenu ni mwongo."

Sauti ya Bomba ikawa ya kuomba. "Andika unalotaka. Ila wale mama usiwapeleke polisi. Nakusihi."

Kiroboto akamtazama vizuri. Katika miaka yake ya kukagua, alikuwa hajaona mtuhumiwa anayewaombea msamaha waliomtuhumu. Alitoka jikoni akimshuku kuliko alivyoingia.

"Nipe ufunguo wa stoo," alimwambia Meneja.

"Stoo? Stoo inahusiana nini na hili?"

"Kila tawi naangalia stoo. Ni ugonjwa wangu."

Meneja akacheka, akapapasa mfuko huu, akapapasa ule, ingawa funguo zilikuwa mkononi mwake muda wote. Hatimaye akafungua.

Stoo ya tawi la mikopo si mahali pa kwenda ukitaka kufurahi. Ndimo huwekwa mali za walioshindwa kulipa, zikingoja kuuzwa. Kulikuwa na kochi limewekwa kwa upande, limeziba nusu ya mlango, wakapita wamejibanza. Kulikuwa na friji mbili, televisheni zimepangwa ukutani, kitanda cha mtoto, godoro lenye ramani ya mikojo. Kila kitu kilipigwa namba chini kwa rangi nyeupe. Kila kitu kilikuwa na vumbi. Lakini katikati ya chumba palikuwa peupe, mahali pa kutosha kucheza ngoma.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Hapo hapajawahi kuwa na kitu."

Kiroboto alikwenda akiinamisha kichwa chini ya kila mali, akisoma namba kwa sauti, taratibu. Kwenye friji ya pili akafika thelathini na moja. Akahamia kwenye godoro, akaligeuza. Arobaini na mbili.

"Zimeruka kumi."

"Aliyepiga rangi hesabu zilimpiga chenga shuleni."

"Watu wenye bahati mbaya ni wengi." Akachuchumaa pale peupe. Sakafuni palikuwa na matone yaliyokauka, mistari miwili, yamepangika. Akapitisha kidole, akanusa. "Tangu lini kochi likavuja mafuta?"

"Ah, hayo!" Meneja alijibu upesi. "Pikipiki za maafisa. Zinalala humu."

"Zinapitia wapi?"

Wote wawili wakalitazama kochi lililoziba mlango.

"Kochi limeingia juzi," Meneja alisema.

"Lina vumbi la miezi. Kitu cha kubebwa mabegani kingepita, pikipiki haipiti. Na mafuta ya pikipiki ni meusi. Haya ni meupe, mepesi." Harufu hiyo anaijua kila mtu aliyewahi kupelekwa kwa fundi kupimwa sare. Kiroboto hakuitaja. Alijifuta kidole kwenye kitambaa, akasimama huku magoti yakimlalamikia. "Twende kwa hao mafundi. Lete gari mbele."

"Naam! Nitakupeleka mwenyewe, mzee wetu. Nitakusaidia kuwahoji, wale wanawake wanaongea sana."

Meneja akakimbilia nyuma kuliwasha gari. Kiroboto akatoka mlango wa mbele, akapanda pikipiki ya kwanza ya abiria aliyoiona.

Mafundi walikuwa wamekodi chumba kimoja kirefu, nyuma ya duka la kufulia nguo. Vyerehani kumi vya kukanyaga vilipangwa mistari miwili, na nyuma ya kila kimoja alikaa mwanamke. Hawakuwa na nguo ya kushona. Miguu ilikuwa juu ya vikanyagio, mikono mapajani. Walijua atakuja.

"Hamjambo, mama zangu."

"Hatujambo, karibu."

Mwenyekiti alikuwa mbele, mwanamke mzima mwenye utepe wa kupimia shingoni na miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Hakusubiri kuulizwa. "Tulimpa mkononi kila mkutano, akasema risiti zitafuata."

"Nawe?" Kiroboto alimuuliza wa pili.

"Tulimpa mkononi kila mkutano, akasema risiti zitafuata."

"Nawe, mama?"

"Tulimpa mkononi..."

"Kila mkutano, akasema risiti zitafuata," Kiroboto akammalizia. "Vizuri. Mmekariri kuliko wanangu walivyokuwa wakikariri jedwali la hesabu. Sasa nielezeni jambo moja. Katika mikutano yote hiyo, nani alipungukiwa?"

Wakatazamana. Hili hawakufundishwa.

"Hakuna," alisema Mwenyekiti.

"Hata mmoja?"

"Sote tulilipa."

"Hakuna aliyeuguliwa? Hakuna aliyeibiwa sokoni? Mama, ukiwakopesha malaika kumi, wiki ya tatu mmoja atakuja na msiba."

Mmoja wao, mdogo kuliko wote, mwenye mtoto mgongoni, alicheka kabla hajajizuia. Jirani yake akamfinya.

Kiroboto akapiga magoti mbele ya cherehani cha mwisho, akaingiza kichwa chini ya ubao wake. Pale chini palikuwa na mraba uliokwanguliwa, mbao bado mbichi. Yeyote aliyekwangua alikuwa na haraka: kwenye nyufa za mbao rangi nyeupe ilibaki. Akatambaa hadi cherehani cha pili. Hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo. Kwenye hicho namba ilisalia nusu, na mkia wake ulisomeka.

"Nani amekwangua huku chini?"

"Panya," alisema mmoja wa nyuma.

"Panya wenu wananyoa, mama. Wanatumia wembe." Akatoka chini, akakaa kwenye benchi la wateja, akapangusa magoti. Aliongea polepole, bila kugomba. "Nisaidieni, mimi si mwepesi wa kuelewa. Vyerehani hivi vimelala stoo ya tawi. Mafuta yake yako sakafuni, namba yake iko huku chini. Mali ya mtu huchukuliwa akishindwa kulipa. Kama mlilipa, vilichukuliwa kwa nini? Na kama hamkulipa, afisa aliiba nini?"

Mwenye mtoto mgongoni alikuwa akiuma kucha. Mwenyekiti aliuzungusha utepe kidoleni, akaukunjua, akauzungusha tena. Walikuwa na hofu, na hofu yao haikuwa ya Kiroboto. Angeweza kukaa pale mpaka jua lizame asipate neno, na huko tawini taarifa ingali mezani ikingoja saini.

Akasimama, akaenda mlangoni, akaufunga. Akasukuma komeo. Akarudi kukaa.

"Mbona unafunga?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kanuni mnaijua."

"Leo si siku ya rejesho."

"Lakini kuna pengo. Hakuna kutoka hadi lizibwe."

"Pengo la kiasi gani?" aliuliza yule wa panya. Mazoea ni kitu kigumu, mkono wake ulikuwa umeshakwenda kwenye fundo la khanga.

"La nyumba moja."

Hawakuelewa, akawaeleza. Bomba alipoajiriwa aliwekewa dhamana. Akithibitika mwizi, jioni anakwenda polisi, na dhamana inauzwa.

"Nyumba ipi?" Mwenyekiti alisema.

"Ya mdhamini wake."

"Nimekuuliza nyumba ipi!"

"Ya mama yake mzazi. Ile yenye mabati mapya."

Hapo ndipo Kiroboto alipoona alichofungia mlango. Kikundi kikiambiwa kuna pengo, hakuna anayemtazama afisa. Wote hugeuka kumtazama mwenye pengo, hata asipotajwa. Vichwa tisa vikageuka, na vyote vikamwelekea Mwenyekiti.

"Mama," Kiroboto alisema, "mbona wanakuangalia wewe?"

"Hawaniangalii."

"Wewe ni nani wake Bomba?"

Mlango ukagongwa. Ukagongwa tena kwa nguvu, kitasa kikachezeshwa. "Mzee wetu!" ilikuwa sauti ya Meneja, imekosa pumzi. "Mbona mmejifungia? Nifungulieni!"

"Kuna mkutano," Kiroboto alijibu.

"Mkutano gani bila meneja? Kina mama, nifungulieni! Mnakumbuka tulivyozungumza?"

"Mlizungumza nini?" Kiroboto aliwauliza kwa sauti ya chini.

Mwenyekiti alikuwa amevua miwani. Machozi yalimtoka wazi, wala hakuyafuta.

"Mama yake Bomba ni dada yangu," alisema. "Tumbo moja, ziwa moja. Nyumba ile aliijenga baba yetu, mimi nimezaliwa kwenye chumba cha uani. Ee Mungu wangu, nimefanya nini?"

"Niambie ulichofanya."

"Huyo aliye mlangoni alikuja na wapagazi akabeba vyerehani vyote. Tukakaa hapa tunatazama kuta. Halafu akaniita mimi peke yangu. Akasema, semeni mlimpa Bomba mkononi, deni linafutwa, vyerehani vinarudi. Nikamwambia yule ni mwanangu. Akasema najua, ndiyo maana nimekuita wewe. Akasema mtoto atahamishiwa tawi lingine tu, kasoma, hatakosa pa kwenda." Akapiga paja. "Nikaona bora mmoja ahame kuliko kumi walale njaa. Hakutaja polisi. Hakutaja nyumba! Haki ya Mungu, hakutaja nyumba."

"Na Bomba alikuambia nini?"

"Nilimpigia simu kumtaka radhi. Aliniambia neno moja tu, kwamba akifungua mdomo, Meneja atasema tulipanga wizi mtu na mama yake mdogo, nami nitafungwa. Nikamwambia basi nyamaza, mwanangu, utahama yataisha. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze!"

Ndicho alichokuwa amekikalia yule binti jikoni. Kiroboto alihisi aibu kidogo kwa jinsi alivyomfokea.

"Mtayasema haya mbele yake?" aliuliza, akionyesha mlango.

"Tukisema, vyerehani vinarudi stoo?" aliuliza mwenye mtoto.

"Vinarudi. Na deni lenu liko pale pale. Nitaandika shule inavyodaiwa na ninyi, na kwamba mpewe muda. Kama watanisikiliza sijui. Siwadanganyi."

"Basi mimi sisemi!" Yule mdogo akasimama, mtoto akaamka akilia. "Nyumba ya dada yake inanihusu nini? Baba wa mtoto huyu simjui alipo, cherehani hiki ndicho baba, ndicho mama. Mwenyekiti alitwambia tuseme, tukasema. Sasa tugeuze maneno! Sisi ni kasuku?"

Hakuna aliyemkemea, maana alisema yaliyokuwa mioyoni mwa wengi.

"Kweli kabisa," Mwenyekiti alisema. "Pengo hili ni langu. Nitasema mimi, na mtu akiulizwa aseme nilimlazimisha." Akaukunja utepe wake, akauweka juu ya cherehani chake, akashika ubao kwa mikono miwili na kuanza kukivuta kuelekea mlangoni. Kilikuwa kizito. Miguu ya chuma ikakwaruza sakafu, kikakwama. Akavuta tena, akihema, mtu wa umri ule, na wengine tisa wakimtazama.

Yule mdogo akasonya sonyo refu. "Mkosi huu!" akasema, akamkabidhi jirani mtoto, akaenda kushika upande wa pili. "Inua, usikokote, utavunja kikanyagio. Nilikuambia tangu mwanzo shule ile hailipi. Inua!"

Baada ya hapo ilikuwa kelele tupu. Kiroboto akatoa komeo, na Meneja, aliyekuwa ameegemea mlango kusikiliza, nusura aangukie ndani. Alikutana na cherehani kikija, wanawake wawili nyuma yake, na nyuma yao vingine vikiinuliwa.

"Hivi vinakwenda wapi?"

"Stoo," Mwenyekiti alisema. "Ulikovitoa. Pisha."

Meneja akamtazama Kiroboto. Shati lake lilikuwa limelowa kwapani. "Mzee wetu, hawa watu hawaeleweki. Jana wanasema hivi, leo wanasema vile. Sisi wawili tunaweza kukaa..."

"Uliniambia kuna wizi. Nimeutafuta. Hakuna aliyeiba, kwa sababu hakukuwa na cha kuibwa. Kuna mwongo mmoja, na waliotishwa kumi na mmoja." Akanyoosha kiganja. "Funguo."

Safari hii Meneja hakupapasa mifuko.

Bomba alikuwa bado jikoni. Alisimama Kiroboto alipoingia.

"Nyumba?" aliuliza.

"Haiguswi. Wala polisi hawaji kwa ajili yako."

Alifunika uso. Mabega yalimtikisika, na Kiroboto akaangalia jiko la gesi mpaka akamaliza.

"Mama yako mdogo amesema yote. Mbele ya Meneja, mbele ya wote, kisha akaondoka bila kuaga."

"Watamfunga?"

"Nitaandika alitishwa. Ndiyo kweli." Kiroboto akavuta ndoo ya deki, akaigeuza, akaikalia. "Sasa swali langu la mwisho, na hili ulijua nitalifikia. Afisa hakopeshi ndugu yake bila kutamka. Ulitamka?"

"Sikutamka."

"Kwa nini?"

"Wangemkataa. Tawi zima lilikuwa limeshamkataa kabla yangu, kisa umri."

"Hilo nalo nitaliandika, binti. Kazi yako imekwenda."

"Najua." Alijipangusa kwa upande wa mkono. "Andika, mzee wangu. Sikulaumu."

Simu yake ikaita. Aliitazama, akaipokea, akaiweka sikioni, lakini mama yake alikuwa mmoja wa wale wazazi wanaopiga kelele simuni, na Kiroboto alisikia kila neno.

"Wewe mtoto, kuna nini? Mdogo wangu yuko huku uani, kasimama juani analia. Namwambia ingia, haingii. Namuuliza nani amekufa, hajibu. Anasema hakanyagi ndani ya nyumba hii mpaka wewe useme. Useme nini? Mmekosana nini ninyi?"

Bomba alifumba macho.

"Mwambie aingie, mama," alisema. "Mwambie nimesema nyumba ni yenu wote wawili, na bado ipo."